Mtani wa Nyumba ya Ndar

Mwanamke aliyewafungulia mlango alikuwa na miguu iliyolowa. Mvua haikuwa imegusa mji wa Ndar tangu mwaka uliopita, na ua wa nyumba ile ya kale ulikuwa mkavu hadi umepasuka. Medoune Diop aliziona nyayo za maji sakafuni, akadhani labda mama huyu alikuwa akifua. Mtu aliyeendesha baiskeli siku tano hataki kufikiri zaidi ya hapo.

Walikuwa wametoka Thiès, yeye na mkewe Ngone, wakilala kwa jamaa njiani, na likizo ilikuwa imebakiza siku moja ya kuutembelea mji: daraja la chuma, maghala ya zamani, nyumba zenye roshani za mbao. Ngone alikuwa na furaha isiyofichika. Miaka kumi na minne ya ndoa, bila mtoto, na hii ndiyo mara ya kwanza mumewe kumtoa matembezi. Hakujua kwamba mumewe ameshaoa mwingine. Ndoa ilifungwa msikitini wiki mbili kabla, wazee wakagawana njugu za kola za kufungia ndoa wakatawanyika, na safari yote hii ilikuwa ya kumlainisha. Medoune alipanga kumwambia wakifika Louga, njiani, akaogopa. Sasa alipanga kumwambia hapa Ndar, baada ya chakula. Alikuwa na pumzi ya kupiga pedali kilomita mia mbili, lakini hakuwa na pumzi ya sentensi moja.

Ilikuwa saa saba mchana, saa ambayo watu wa Ndar hufunga madirisha na kuwaita watoto ndani, kwa sababu jua likisimama utosini barabara huwa na wenyewe wasioonekana. Hata Thiès wanalijua hilo. Lakini mwanamke yule aliwaita kwa upole waje kuitazama nyumba, na ndani kulikuwa na kivuli.

"Ukoo gani?" aliuliza.

"Diop."

"Yarabi. Ficheni sufuria, walafi wameingia."

Medoune akacheka. Hakuna anayemwamkia Diop hivyo isipokuwa mtani wake. "Wewe ni Ndiaye."

"Ndiaye, bwana wako."

"Tangu lini mtumwa akawa bwana? Nyinyi tuliwanunua kwa bakuli la wali, tena wali wenyewe ulikuwa umeungua."

Utani wa akina Diop na akina Ndiaye hauna hasira. Hutaniana hata msibani, maiti akiwa bado ndani. Na mtani akikuomba kitu, ni aibu kumnyima.

"Haya, mtani," alisema mwanamke, "umeniletea nini?"

Medoune alimtazama Ngone, aliyekuwa akipiga picha ngazi ya mawe. "Mchukue huyu. Mimi nimeshamchoka. Miaka kumi na minne, hata yai hajataga."

Ngone akashusha simu. Alicheka, kwa kuwa anayenuna kwenye utani ndiye aliyeshindwa, lakini kicheko kilikatika mapema.

"Umenipa?" aliuliza mwanamke, na sasa hakuwa akicheka.

"Nimekupa. Nenda naye."

Wanawake wawili wakapanda juu kutazama roshani. Medoune akabaki uani. Akasikia harufu ya tope la mto iliyochanganyika na ubani, kisha hatua za mtu mmoja zikishuka. Ngone alikuwa peke yake, ameshika viatu mkononi, na kila alipokanyaga palibaki maji.

"Mwenyeji yuko wapi?"

"Twende," alisema Ngone.

Walipanda baiskeli zao, na Medoune akatangulia, na nyuma yake kengele ya baiskeli ya Ngone ikaanza kulia, mara moja, tena mara moja, bila haraka, ingawa barabara ilikuwa tupu na hapakuwa na wa kumpisha, na ile harufu ya tope ikamfuata kwenye jua kali lililotakiwa kuikausha, na alipogeuka aliuona mstari wa maji umefuata gurudumu la mkewe tangu mlangoni, na mkewe akimtazama kwa tabasamu ambalo hakuwahi kuliona usoni mwake, na sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ya chini na ya furaha: "Polepole, mtani. Mwenzio ni mzito."

Medoune aliulizia njia, akampeleka mkewe kwa Sheikh Mor Sall, mtoaji majini, aliyekuwa bado anakula.

Sheikh alisikiliza, akanawa mikono. "Neno la utani halina uzito. Hata majini wanalijua hilo. Weka mkono juu ya msahafu, uape kwamba ulikuwa mchezo na moyoni hukuwa na kitu. Atatoka kabla chai haijachemka."

Medoune aliweka mkono. Ngone aliyekuwa mkekani akatetemeka, na kwa kitambo sauti yake mwenyewe ikarudi, nyembamba na iliyochoka.

"Apa, baba. Apa tu, twende nyumbani."

Medoune alifungua kinywa. Akaikumbuka ile kola iliyogawanywa msikitini, chumba alichokipaka rangi kwa siri, na jinsi moyo wake ulivyopata nafuu aliposema mchukue. Mkono wake ukateleza juu ya msahafu.

"Mbona unachelewa?" alinong'ona Ngone. Kisha akaelewa. "Ni nani?"

"Astou," alisema Medoune.

Ngone akatikisa kichwa taratibu. Kisha akaondoka, ingawa hakuinuka mkekani.

"Mimi si mwizi, Sheikh," ilisema ile sauti ya chini. "Nilipewa."

Sheikh akafunga msahafu. "Aliyetoa kwa moyo, mimi siwezi kumrudishia."

Astou aliletwa Thiès mwisho wa mwezi. Majirani walimsifu sana Ngone kwa jinsi alivyompokea mke mwenza bila kinyongo, akamwandalia hata maji ya kunawa. Walishangaa tu kwamba anapiga deki kila alfajiri na sakafu haikauki.

Siku ile ya kwanza walikula watatu kwenye sinia moja. Ngone akachambua mnofu mzuri wa samaki, akausogeza upande wa Medoune, akamwinamia sikioni.

"Na huyu, mtani?" alinong'ona. "Ukimchoka, sema. Hata kwa utani."