Watoto Hamsini, Jozi Mia

Nyumbani kwa Baba Pacha, fundi viatu, ukitaka kufagia chini ya kitanda, kwanza uhamishe viatu. Juu ya kabati, viatu. Nyuma ya mlango, viatu. Vyote vyeusi, vya shule, vya mwaka jana. Fundi alishona kila namba sawa kwa sawa, kuanzia 33 hadi 41. Namba za katikati ziligombaniwa. Za mwanzo na za mwisho zilirudi nyumbani, zikawa wapangaji wasiolipa kodi.

Mkewe, Mama Pacha, ndiye mkataji wa ngozi. Alikuwa amechoka kulala juu ya viatu.

Siku moja Baba Pacha aliingia mbio, kofia mkononi.

"Mama Pacha! Tumepata kazi! Mwalimu Mkuu anataka jozi mia. Mfadhili ameshatoa ngozi."

"Za watoto gani?"

"Hawajulikani! Siku ya kufungua shule yataokotwa majina mia kwa bahati nasibu kati ya wanafunzi mia tano, ili asiwepo wa kulalamika. Themanini wakipata viatu vya kuwatosha siku hiyohiyo, tunapewa kazi ya shule nzima. Wasipofika themanini, shule itanunua vya kiwandani."

Mama Pacha alikaa chini. Kazi ya shule nzima! Lakini unamshoneaje mtoto usiyemjua?

"Usihofu," alisema mumewe. "Safari hii nimetumia akili. Leo nilisimama getini, nikapima watoto kumi wa kwanza kufika. Nikajumlisha namba zao, nikapata 380. Nikagawa kwa kumi. Wastani ni 38! Basi kata jozi mia, zote namba 38."

Mama Pacha alishika kisu cha ngozi, kisha akakiweka. Ngozi ikishakatwa haiungwi.

"Ngoja kwanza nimuite jirani."

Jirani alikuwa nesi wa kliniki ya watoto. Kila siku alipima uzito na kuandika, na mtaa mzima ulimwita Bi Hesabu. Alisikiliza yote, halafu akatazama miguu ya wenyeji wake.

"Shemeji, unavaa namba ngapi?"

"43."

"Na mkeo?"

"37."

"Jumlisha, gawa kwa mbili. Wastani wenu ni 40. Haya, shona jozi mbili za 40, yako na yake."

Mama Pacha alicheka hadi machozi. "Mimi nitaogelea humo, na yeye hataingiza hata kisigino!"

Baba Pacha naye alicheka, ingawa kwa shingo upande.

"Wastani una kazi yake," alisema Bi Hesabu, "lakini wastani hauvai viatu. Wewe unataka kujua kila namba ina watoto wangapi. Halafu niambie, hao kumi wa kwanza getini ni akina nani?"

"Ni wale wakubwa. Wanawahi kucheza mpira."

"Si unaona! Wadogo walikuwa bado nyumbani wanatafuta soksi."

"Kumbe umeonja mchuzi kabla ya kukoroga," alisema Mama Pacha.

"Basi tupime wote mia tano?" aliuliza Baba Pacha.

"Ingekuwa bora," alisema Bi Hesabu, "lakini kesho ndiyo siku ya mwisho kabla ya likizo. Tupime hamsini, ila tusiwachague sisi. Tuchukue rejista za madarasa yote, tuhesabu majina, kila wa kumi apimwe. Mkubwa, mdogo, mchelewaji, wote wawe na nafasi."

Kesho yake walipima. Mtoto mmoja aliificha miguu yake yenye matope. Baba Pacha akataka kumwita wa pembeni yake, msafi.

"Huyohuyo!" Bi Hesabu alimkemea. "Ukianza kuchagua, umeharibu."

Jioni waliweka karatasi mezani. Namba 33, watoto watatu. 34, saba. 35, kumi na wawili. 36, kumi na wanne. 37, wanane. 38, wanne. 39, wawili.

Baba Pacha aliitazama ile 38, jasho likamtoka. "Wanne katika hamsini! Basi katika mia ni kama wanane tu! Mungu wangu, ningejaza nyumba viatu!"

"Sasa zidisha kila hesabu kwa mbili," alisema Bi Hesabu. "Jozi sita za 33, kumi na nne za 34, ishirini na nne za 35, ishirini na nane za 36, kumi na sita za 37, nane za 38, nne za 39. Jumla mia."

"Na siku hiyo itakuwa hivyohivyo?" aliuliza Baba Pacha.

"Hapana. Itakaribia. Bahati nasibu ina vituko vyake. Utawakosa baadhi, lakini utawapata wengi."

Likizo nzima walikata na kushona.

Siku ikafika. Majina yalikuwa ndani ya ndoo. Mwalimu Mkuu aliokota, Mama Pacha akagawa viatu, Bi Hesabu akaweka alama. "36! 35! 34! 36!" Watoto walirukaruka, viatu vikilia sakafuni. Mama Pacha alitamani kuruka nao.

Kisha namba 35 zikaisha. Watoto wakaanza kusimama pembeni, watatu, watano, wanane. Waliopata walikuwa sabini na tisa. Baba Pacha aliuma kofia yake.

Likaitwa jina la msichana mrefu wa darasa la mwisho. Alipimwa, namba 40. Wenzake wakacheka. Namba hiyo haikuwepo hata kwenye karatasi, na msichana akainamisha kichwa.

"Usiondoke hapo, mwanangu!" alisema Mama Pacha.

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya shule. Alikimbia, akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya kitanda. Alirudi akihema, na jozi ya 40 kifuani. Msichana alivaa, akatembea hatua tatu, akacheka.

"Themanini!" alipiga kelele Bi Hesabu. Baba Pacha alirusha kofia juu.

Majina mia yalipotimia, waliopata walikuwa themanini na saba. Kumi na watatu waliandikwa ili washonewe vyao.

"Shule nzima ni yenu," alisema Mwalimu Mkuu. "Mtaanzaje?"

"Safari hii muda upo," alisema Baba Pacha. "Tutapima wote mia tano!"

Walipofika nyumbani, alishika gunia. "Haya, sasa nitoe yale makorokoro chini ya kitanda."

Mama Pacha alikaa juu ya kitanda, asimpishe.

"Thubutu! Huenda kuna mwingine ambaye hesabu yetu haikumwona."