Dakika ya Kimya Hewani

Mshale wa kupima sauti ya maiki ya tatu ulikuwa unacheza, na kwenye kiti chake hapakuwa na mtu. Fundi mitambo akachomoa waya. Mshale ukatulia kidogo, kama mtu aliyekatizwa maneno, kisha ukaendelea.

Upande wa pili wa kioo mkewe alikuwa anaongoza kipindi cha kumkumbuka mwenye stesheni hiyo ya redio, aliyezikwa juma lililopita. Daktari alikuwa amemwonya mke huyo: akilichosha koo tena, sauti itakwenda na haitarudi. Hiki kilikuwa kipindi chake cha kuaga, na kila neno lililomtoka lilimchoma fundi.

Wageni walikuwa wawili, waliowahi kufanya kazi hapo: msoma habari mstaafu na mchekeshaji waliyezoea kumwita Domo.

"Mimi alinifukuza nikiwa hewani," alisema msoma habari. "Nikamaliza taarifa, nikatoka. Mama yangu alipolazwa, nani alikesha naye? Yeye huyohuyo."

"Ndizo zake," Domo akadakia. "Ananunua stesheni ya mwenzake, anaifunga, halafu anakwenda kumpa pole. Na ole wako umwachie redio kimya. Siku niliyopaliwa na maji aliniambia, 'Kohoa kwa sauti, wasikilizaji wanangoja.'"

Mke wa fundi alicheka. Msoma habari hakucheka.

"Alikuwa anaogopa," alisema. "Alikuwa analala humu, redio zinaongea kila chumba. Nilimuuliza sababu. Akaniambia kuna anayesubiri tunyamaze."

"Mzee, usitutishe, watu wanasikiliza," Domo akasema.

Wimbo ukaingia. Mke wa fundi akainamia leso, akakohoa mpaka mabega yakatikisika.

"Tumpe marehemu dakika ya kimya," Domo akasema. "Hapohapo shemeji apumzishe koo."

Fundi ndiye aliyekubali kwanza. Akaushusha wimbo, akafunga maiki zote.

Ndani ya hedifoni ya fundi kulianza pumzi, ya taratibu, pumzi ya mtu anayetua mzigo alioubeba miaka mingi, na harufu ya udongo uliofukuliwa ikapenya chini ya mlango, ikapanda, ikamjaa puani, huku mshale wa maiki ya tatu ukipanda nao mpaka ukalala kwenye wekundu, na sponji ya kile kiti kitupu ikadidimia polepole, ikabaki hivyo, imebonyea.

Mkewe akafungua kinywa aendelee na kipindi. Midomo ilicheza. Sauti yake, ile laini iliyoamsha mji kila asubuhi, ikatoka kwenye kiti.

"Asanteni kwa kunyamaza," ilisema. "Nimekaa sana nikisikiliza."

"Zima," msoma habari akanong'ona. "Zima mtambo wote."

Fundi alisita. Akizima, je, sauti itamrudia mwenyewe, au itapotea na mtambo? Mkewe akamtazama kupitia kioo, machozi yakimtiririka, akaitikia kwa kichwa: zima. Fundi akaivuta swichi kubwa. Taa za mtambo zikafa. Sponji ya kiti ikainuka tena.

Alikimbilia ndani, akamshika mkewe mashavu. "Sema kitu. Niite." Mkewe alijaribu. Mishipa ya shingo ilimsimama. Haukutoka hata mkwaruzo.

Simu ya fundi ikaita. Alikuwa mama mkwe, ambaye macho yake yalishazimika na ambaye wakati huo alikuwa nyumbani peke yake.

"Mwanangu, redio yenu imekatika. Basi nikajua mmeshamaliza."

"Mama, tuko bado kazini."

"Wewe labda. Mwenzio kafika, yuko mlangoni ananiita. Ngoja nimfungulie."

"Mama, usifungue. Mke wangu yuko hapa, nimemshika mkono."

"Acha utani, baba. Sauti ya mwanangu nisiijue?"

Fundi akasikia komeo likivutwa. Kisha, karibu kabisa na simu, sauti ya mkewe, kwa adabu ileile ya siku zote:

"Shikamoo, mama."