Namba Isiyovishwa Nguo

Mkurugenzi wa mifumo ya kompyuta ya hospitali alikuwa chali kitandani, midomo imevimba, macho yamemtoka, dripu bado iko mkononi. Amefia palepale kazini kwake, mchana kweupe, alipokuja kutibiwa mapafu.

"Mzio wa penisilini," alisema daktari wa uchunguzi wa maiti. "Koo limeziba."

Inspekta, ambaye kituoni walimwita Bi Kwanini naye hakukasirika, alimgeukia muuguzi aliyetundika dripu. Binti wa watu alikuwa ukutani, koplo ameshamshika mkono.

"Hukumuuliza kama ana mzio?"

"Tumekatazwa, afande. Amri yake mwenyewe: mgonjwa asisumbuliwe, kompyuta inajua."

"Na kompyuta ilisema nini?"

"Kumi na nne. Hapa kwetu maana yake hana tatizo na dawa yoyote."

Faili la marehemu lilikuwa limetumwa asubuhi kutoka hospitali ya misheni, alikotibiwa miaka yote. Bi Kwanini alipiga simu huko. Kwao, walimjibu, kumi na nne ni mzio wa penisilini. Namba moja, nyumba mbili, na kila nyumba ina maana yake.

"Nimtie pingu?" koplo aliuliza.

"Kuku wako mwenyewe, manati ya nini? Mwache akae."

Lakini moyo ulimuuma. Mkono wa mwisho kumgusa marehemu ulikuwa wa binti huyu, mwenye mtoto wa kunyonya nyumbani, na asipopatikana mwingine, jela ingekuwa yake.

Naibu wa mkurugenzi, mama mjane, alikuwa ofisini akinywa chai. Kila asubuhi ndiye aliyepokea mafaili ya misheni, akafuta namba na kuandika maneno: kisukari, mjamzito, mzio wa penisilini. Wauguzi waliita kazi hiyo kuzivisha namba nguo. Mkurugenzi aliiita uchafu, ila hakuizuia.

"Nimeyasoma mafaili ya leo," Bi Kwanini alisema. "Yote yamevaa. La bosi wako tu liko uchi. Kwa nini?"

"Nilipitiwa."

"Kompyuta imeandika kwamba ulilifungua kabla ya mengine yote. Ukakaa nalo, kisha ukalifunga bila kugusa herufi. Mtu aliyepitiwa hafungui, mama."

Naibu alizungusha kikombe mezani.

"Sawa. Muuguzi atalala rumande, na mwanawe atalia njaa."

"Yule msichana mwacheni!" Kikombe kilipinduka. "Hana hatia. Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Mume wangu aliletwa hapa na namba hiyohiyo. Nilikuwa nimeshamwomba yule bwana mara chungu nzima: tukubaliane na misheni, kila kitu kiwe na jina linalosomeka pande zote mbili. Akacheka, akasema maneno ni ya washairi. Tulipomaliza kuzika akaniita. 'Pole, mama. Kosa la mfumo, na mfumo haufungwi jela.' Nikarudi mezani kwangu, nikaanza kuzivisha mwenyewe, asife mwingine. Leo likaja faili lake. Mkuki kwa nguruwe, afande!"

Hasira na huruma ziligombana kifuani mwa Bi Kwanini.

"Kamera inaonyesha uliingia chumbani kwake kabla kengele haijalia. Ulifuata nini?"

"Alikuwa anajikwaruza shingo. Akaniuliza kwa shida, 'Wamenipa nini?' Nikamjibu, 'Kumi na nne.' Akaelewa. Nilimwona anavyoelewa! Akanyoosha mkono nimbonyezee kengele."

"Na wewe?"

"Nikavuta kiti, nikakaa. Aliponyamaza ndipo nikabonyeza."

Bi Kwanini alitoa pingu. Koplo aliambiwa amwachie muuguzi, aende akamnyonyeshe mwanawe.

Naibu alinyoosha mikono yote miwili bila kuamriwa.

"Sijutii," alisema. "Andika hivyo, afande, kwa maneno kamili, kila atakayesoma aelewe."