Anayenawa Mwisho

Bahiya wa kijiji cha Hewani alikuwa na wivu, wala hakuuficha. Aliwaonea wivu watoto wa jirani yake, Tuneya. Watoto wale hawakukosa shule hata siku moja. Jamal wake, mwenye miaka mitano, aliharisha kila mwezi.

"Mto tunachota mmoja, ugali tunakula mmoja!" alilalamika. "Lazima wale wamefungwa hirizi."

Siku moja Jamal aliharisha tangu alfajiri. Kufika adhuhuri, macho yalikuwa yameingia ndani, na alilia bila machozi. Bahiya aliingiwa na hofu. Akameza kiburi chake, akamwita Tuneya.

"Mwenzangu, mtoto amekaukiwa maji mwilini," Tuneya alisema. "Twende zahanati sasa hivi!"

Huko muuguzi alimnywesha Jamal maji ya chumvi na sukari ya pakiti, kidogo kidogo. Akampa na vidonge vya zinki. Jioni Jamal aliomba ndizi. Bahiya alilia kwa furaha.

Kesho yake Tuneya alikuja kumjulia hali mtoto. Akawakuta wanajiandaa kula. Bakuli la kunawia lilizunguka kama kawaida. Alianza Mzee Chande, babu yake Jamal, kisha baba, kisha mama. Jamal alikuwa wa mwisho. Ndiyo heshima.

"Hebu ngojeni!" Tuneya alisema. Alijipaka masizi ya sufuria kiganjani, akanawa ndani ya bakuli. Maji yakawa meusi. "Haya, Jamal, nawa."

Jamal alirudisha mikono nyuma. "Sitaki! Machafu!"

"Umeona? Uchafu wa choo hauonekani kama masizi, lakini umo. Unatoka mkononi, unaingia majini, unaishia mdomoni. Anayenawa mwisho anapokea wa wote."

Mzee Chande alinuna. "Yaani mimi ndiye namlisha mjukuu wangu uchafu?"

"Si wewe, Babu, ni bakuli. Wewe tangulia vilevile. Ila maji yatiririke, na sabuni iwepo. Tunawe kabla ya kupika, kabla ya kula, na kila tutokapo chooni. Maji ya kunywa nayo tuyachemshe."

Akawapeleka kwake kuwaonyesha kibuyu chirizi. Kumbe ni kidumu tu kilichotobolewa na kutundikwa! Kamba yake imefungwa kwenye kijiti. Ukikanyaga kijiti, kidumu kinainama, maji yanatiririka. Jamal alikanyaga mpaka akafukuzwa.

Ikapita miezi mitatu. Jamal hakuharisha tena.

Na wivu wa Bahiya, je, uliisha? Thubutu! Tuneya alikuwa na kibuyu chirizi kimoja. Bahiya alitundika viwili, kimoja karibu na jiko, kimoja karibu na choo. Vyote aliviweka upande ambao Tuneya angeviona.

Tuneya aliviona. Akaguna, "Mwanamke huyu!"

Siku ya pili, asubuhi na mapema, alionekana akizunguka kijijini kutafuta vidumu vitatu.