Kidole Kwenye Waya wa Antena

Tundu la antena lilikuwa limezibwa kwa nta, na ndani ya nta mlikuwa na nywele. Fundi aliziona, akasonya, akachokonoa kwa bisibisi mpaka uchafu wote ukatoka. Nta ilikuwa laini na vuguvugu, ingawa gari lilikuwa limelala bandani miaka kumi na moja na asubuhi ile ilikuwa ya baridi. Hilo alikuja kulifikiria baadaye. Wakati ule hasira zilikuwa zimempanda kichwani na hakuwa na nafasi ya kufikiria nta.

Hasira zenyewe alizipata kwa shemeji yake. Gari lilikuwa la marehemu baba mkwe, gari la kale la kijivu, mviringo kama kobe, na shemeji huyo, kaka wa mkewe, ndiye aliyelirithi. Alikwisha kulipaka rangi, injini imeamka, imebaki redio tu, maana antena ilikuwa imevunjwa kwenye shina. Mama mkwe, aliyekuwa akiishi kwa fundi tangu afiwe, aliwaomba waiache hivyo hivyo. Alisema marehemu aliivunja kwa mikono yake, mchana kweupe, akaingia ndani na hakueleza kitu ila kwamba gari lile lisiwe na masikio tena. Shemeji alicheka. Akamgeukia fundi, akamwambia kama kazi imemshinda aseme mapema, mafundi wako wengi. Sasa maneno hayo unamwambia fundi wa redio, tena mbele ya mkewe! Basi akabeba bisibisi zake akaingia kazini.

Mafundi wa redio wana mtindo wao. Kabla ya kuhangaika na antena mpya, wanataka kujua kama redio yenyewe ni nzima. Kwa hiyo fundi hushika ncha ya waya wa antena kwa kidole, na mwili wake ndio unakuwa antena. Stesheni ikikamata, redio haina tatizo. Huyu alishafanya hivyo mara elfu, huku akipiga soga na jirani zake wa gereji. Akawasha redio, akaweka kidole cha shahada cha mkono wa kulia.

Redio ilikoroma kidogo, kisha ikatulia. Ikatoka sauti ya mwanamume, taratibu, bila haraka, sauti ya msomaji wa taarifa ya habari.

"Mkeo anaanika nguo," ilisema. "Mama mkwe wako amejifungia chumbani. Mtoto anachora jua sakafuni kwa chaki. Usitoe kidole."

Akakitoa mbiombio. Redio ikanyamaza. Alitazama huku na huku amwone anayemfanyia mzaha, lakini mpiga rangi alikuwa anapuliza rangi, mtu wa matairi anagonga matairi, hakuna hata mmoja aliyekuwa na habari naye. Hewa ilinuka vumbi lililoungua. Mtu mwenye akili zake angefunga mlango wa gari na kwenda zake. Yeye akafunga antena mpya, kwa sababu shemeji alikuwa anakuja saa kumi na hakutaka kuchekwa. Redio ikaimba vizuri kabisa, shemeji akaondoka na gari lake akipiga honi, na hata asante hakuitoa.

Fundi na mkewe walikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa miaka mitano, waliyempata baada ya kungoja miaka tisa. Kwa ulimi wake mkali walimwita Pilipili. Baba aliporudi jioni ile, Pilipili alimparamia kama kawaida, akalaza sikio kifuani pake, akatulia.

"Baba," alisema, "kuna mtu anaongea humu ndani."

Baba akacheka kicheko kibovu. Mama akaja kusikiliza na yeye, akasema anasikia moyo tu. Pilipili akamwambia mtu huyo anasema mama ana uzi mweupe mfukoni. Mama alitia mkono mfukoni na kutoa uzi mweupe.

Kuanzia hapo mtoto hakuwa yule. Aliacha kula, aliacha kuchora, mama yake akimshika anajipapatua, na kila ilipofika alasiri alikaa kizingitini akimngoja baba, si kwa kumpenda, bali kwa kile kifua. Na baba akishaingia tu anamng'ang'ania na kukandamiza sikio pale mpaka linakuwa jekundu, anacheka mambo ambayo hakuna mtu kayasema, anaitikia kwa kichwa, na ile harufu ya vumbi lililoungua inajaa sebule yote, hata baba akaanza kujifungia chumba cha pembeni peke yake, amejifunga mto kifuani kwa kamba, na kulipopambazuka mama akamkuta mwanawe amesimama kwenye baraza la ndani, miguu imevimba, sikio limegandamana na mlango aliolala nyuma yake baba. Fundi alikuwa anamwogopa mtoto wake mwenyewe, na aliona aibu kwa hilo kuliko kwa jambo lolote alilopata kulifanya.

Jumatano, Pilipili alimwambia mama yake kwa upole kwamba yule mtu anasema Ijumaa wataondoka naye. Mama akauliza waende wapi. Mtoto akasema hajaambiwa, ila asibebe viatu.

Hapo mama mkwe hakungoja ruhusa ya mtu. Alhamisi mchana alimleta mganga, mwanamke mfupi mwenye miwani, na vitu vyake kwenye mfuko wa plastiki. Hakuimba wala kucheza. Alimwuliza fundi alichofanya, fundi akaeleza yote mpaka kile kidole, na mganga akamtazama kwa muda mrefu kama mtu anayetazama mzigo aliotupiwa mlangoni.

"Mkweo alivunja kabla hajashika," alimwambia. "Wewe umeshika. Gari halina kitu tena, limebaki njia tu. Mwenye kitu ni wewe."

Alitaka mambo mawili: antena ivunjwe tena, na kidole kilichofungua kifungwe kwa moto. La kwanza lilikuwa na shemeji ndani yake. Alipopigiwa simu alisema gari lake haligusi mtu, wachawi wakubwa nyie. Mke wa fundi alikata simu. Alichukua koleo, akaenda kwa kaka yake kwa miguu, akasukumwa, akaanguka, akainuka akiwa na damu gotini na kuikata antena ile kwenye shina huku kaka yake anamtukana kwa matusi ambayo ndugu hawatukanani. Akarudi nayo mkononi, akaitupa miguuni kwa mganga.

La pili fundi alilifanya mwenyewe. Alichomeka kwenye umeme chuma chake cha kulehemu nyaya, akangoja kipate moto, akakikandamiza kwenye ncha ya kidole. Hakupiga kelele, aliuma kola ya shati. Na kwa mara ya kwanza wote pale sebuleni walisikia kifua chake kikikoroma, mkoromo wa redio iliyo katikati ya stesheni, ukapanda, ukapanda, ukakatika. Mganga aliinama na kuweka sikio, akasikiliza, akasema kwa huyu ametoka.

Pilipili akalia kidogo, kisha akasema ana njaa. Mama alimwangukia fundi begani akalia kwa sauti. Mama mkwe alimshika mganga mikono yote miwili, akamshukuru, akaenda chumbani kwake kujilaza.

Mganga alikuwa anafunga mfuko wake. Akamwuliza mtoto, kwa wepesi tu, kama yule mtu alikuwa anaongea peke yake au na yeye aliwahi kumjibu.

"Nilimjibu mara moja," alisema Pilipili na mdomo umejaa chakula.

Mganga aliuweka mfuko chini. "Alikuuliza nini?"

"Baba akimfukuza, kama humu ndani kuna nafasi."

"Ukamwambiaje?" Mama alinong'ona.

"Nikamwambia bibi ana kitanda kikubwa, na analala peke yake."

Mlango wa chumba cha bibi ulikuwa umerudishwa. Walimsikia akikohoa na kusafisha koo. Kisha sauti ya mwanamume, taratibu, bila haraka, ikaanza kusema nani amesimama wapi sebuleni, ikianzia na mtoto.