Mwali Aliyeachishwa Insulini

Maimuna alikuwa mwali, amewekwa ndani. Kwao Mkuyuni mwali haonekani na watu mpaka siku ya ngoma. Anafundwa, anakula, ananenepa. Maimuna hakunenepa. Alikuwa na kisukari tangu utotoni, na kila siku mama yake, Chausiku, alimchoma sindano za insulini.

"Watu watasema tunamnyima chakula," alinung'unika shangazi Mwanaasha, aliyekuwa akimfunda.

Aibu ikamkaa Chausiku moyoni. Siku ya gulio akamsikia mchuuzi akipiga kelele: "Redio imesema! Wataalamu wamepata dawa ya kisukari ya chembe ndogo kuliko vumbi! Kunywa, sindano kwaheri!" Soko huria hili, kila mtu anauza atakacho, hata uongo. Chausiku akanunua unga wa mchuuzi yule, akamnywesha Maimuna, akaacha sindano.

Haikuchukua muda, kiu ikamshika Maimuna. Alikunywa maji, akakojoa, akanywa tena. Kisha akaanza kutapika. Alihema kwa nguvu, na pumzi yake ilinuka kama matunda yaliyoiva mno.

"Wifi, mtoto anakufa!" Chausiku alilia. "Tumpeleke hospitali!"

"Mwali hatoki kabla ya ngoma," alisema Mwanaasha. Lakini naye aliogopa.

Chausiku alikimbilia zahanati, akarudi na muuguzi Agnes.

"Shikamooni. Alichomwa lini mara ya mwisho?"

Chausiku akamwonyesha ule unga.

"Mama, hii si dawa."

"Lakini redio..."

"Redio ilisema wataalamu wanatafuta. Mwili una askari wa kupigana na magonjwa. Kwa Maimuna askari hao walikosea, wakashambulia kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini. Chembe hizo ndogo zinatengenezwa ili ziwafundishe askari kuacha vita hiyo. Zimejaribiwa kwa panya. Kwa watu bado. Bila insulini atakonda zaidi, kisha atakufa. Atoke sasa hivi!"

Mwanaasha alivua kanga yake, akamfunika mwali kichwa hadi miguu. "Mbebeni," alisema.

Gari la ndizi likawachukua hadi Morogoro Mjini. Njia nzima Chausiku aliweka sikio kifuani kwa mwanawe. Kila pumzi ilipotoka, aliogopa kwamba nyingine haitakuja.

Hospitalini Maimuna alitundikiwa maji na kupewa insulini. Kesho yake alifumbua macho, akamwita mama. Chausiku alilia mbele za watu bila haya.

Siku ya ngoma Maimuna alitoka akiwa mwembamba vilevile, akacheza. Sasa Mwanaasha ndiye anayeuliza kila asubuhi, "Mtoto kachomwa?"

Siku moja Maimuna alimwuliza Agnes, "Dada, ile dawa ya kweli itakuja lini?"

"Sijui, mdogo wangu. Huenda ikachelewa sana. Ninachotaka ni ikukute hai."

Chausiku aliyasikia hayo. Akanawa mikono, akaenda kuchukua sindano.