Koki Aliyoifunga Mama Mkwe

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha mashine, mke wa seremala aliifuta geji ya msukumo kwa kitambaa, kama mtu afutaye miwani yake. Mashine ile ilisafisha maji ya mto. Zahanati ya ng'ambo ya barabara iliyatumia katika chumba cha kujifungulia.

Wiki ile msukumo ulipanda, lakini maji safi yalitoka tone kwa tone. Mkunga alisimama mlangoni na ndoo tupu.

"Dada, nina wajawazito watatu. Kesho adhuhuri maji yasipopatikana, nitatafuta kwingine."

Mke wa seremala alihisi uso ukiwaka kwa aibu. Akamwita jirani, fundi mstaafu wa mitambo ya maji. Fundi aliinama, akagusa koki ya bomba la maji taka. Ilikuwa imekazwa kabisa.

"Nani amefunga hapa?"

"Mimi," alijibu mama mkwe, akiendelea kuchambua mboga. "Maji mazima yanamwagwa mchana kutwa! Nyumba hii haina mtu mwenye uchungu na mali?"

"Uchungu wako umeikaba mashine koo, mama. Hebu lete birika lako."

Ndani ya birika mlikuwa na ukoko mweupe.

"Maji ya mto hubeba chokaa iliyoyeyuka," fundi akaeleza. "Ukichemsha, mvuke huondoka, chokaa hubaki. Mashine nayo ina utando. Maji safi hupenya, chokaa hubaki nyuma. Koki hii ndiyo mlango wa kuitoa. Ukiifunga, inajazana na kuganda juu ya utando."

Mama mkwe alilitazama birika. "Kumbe mchawi ni mimi!"

"Hukujua tu, mama."

Fundi aliuosha utando kwa dawa yenye asidi hafifu. Akaifungua koki kwa kipimo cha mtengenezaji, akaitia alama nyekundu. Akajaza pia chupa ya dawa ya kuzuia ukoko.

"Dawa hii iingie kabla maji hayajafika kwenye utando, kwa kipimo, si kwa kukisia. Geji isomwe na kuandikwa kila siku. Msukumo ukianza kupanda, niiteni siku hiyohiyo."

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, ndoo za mkunga zilijaa. Maji taka yalikingwa kwenye pipa la maji ya kuoshea sakafu.

Siku chache baadaye seremala aliyaona yakitiririka. Akanyoosha mkono kwenye koki.

"Toa mkono, mwanangu!" mama yake akafoka. "Kalitazame birika kwanza!"

Birika lilikuwa rafuni, juu ya mashine. Mama mkwe alikuwa amekataa katakata lisuguliwe ukoko wake.